Nimegombana na MCA, sasa watu wanataka nisimame mie

(Barua nimeifupisha kidogo, na jina la wadi nimelitoa mwenyewe.)

Mjomba shikamoo,

Mie ni kijana wa miaka 31, nina mke na watoto wawili, na nina kaduka ka simu hapa stejini, nabadilisha vioo, nauza chaja na kava, natoa na M-Pesa. Kaunti ni huku huku Pwani, wadi naomba uifiche. Mbali na duka nina peji ya Facebook ya habari za kwetu, nliianza 2021 kama mchezo tu, nkawa naweka nani kafariki, mbuzi wa nani wamepotea, stima itarudi saa ngapi, na watu wakaizoea mpaka sasa wananiita bloga hata wale wasiojua bloga ni kitu gani. Kuna mzee mmoja yeye huniita "Blogi" kama ndo jina langu la kuzaliwa.

Shida ilianza na tenki. Karibu na shule ya msingi kuna tenki la maji limewekwa juu ya mnara wa chuma, jeusi kubwa, na chini yake bomba la kuchotea lina mpaka kufuli. Lilizinduliwa kwa ngoma na sare za kina mama na mheshimiwa MCA wetu, yaani mjumbe wa wadi kwenye bunge la kaunti, akakata utepe, na tangu siku hiyo halijatoa maji hata ya kunawa mkono. Sasa siku moja nkaenda na simu, kufuli nkalikuta limeachwa wazi, nkafungua bomba huku narekodi, na Mjomba wallahi siongezi chumvi, akatoka buibui. Akatoka polepole, akasimama kwenye mdomo wa bomba, akaniangalia, akarudi ndani. Mie sikusema neno lolote kwenye ile video, nkaandika tu "Maji yetu haya". Watu wakaisambaza mara elfu moja na mia tisa, mpaka walioko Qatar na Saudia wakaiona.

Nkanogewa. Wiki iliyofuata nkafuata mtaro wa paipu kutoka kwa tenki nkihesabu hatua, nkakuta paipu limeishia porini, limefungwa na karatasi ya nailoni, na kutoka hapo mpaka kwenye laini kubwa ya maji ni hatua kama arobaini hivi. Hiyo nayo nkaiweka. Komenti zikawa moto, watu wakaniambia mbona unaogopa kumtaja, basi usiku saa tano nkaandika, "Mheshimiwa umekula pesa za maji ya watoto wa shule, wewe ni mwizi," na jina lake nkaliweka na picha yake nkaiweka.

Baada ya hapo kukawa na matanga kwa jirani yetu, mheshimiwa akaja, akapewa kipaza sauti, badala ya kuwapa watu pole akasema, "Hapa kuna kijana mchana mama yake yuaja kwangu kuomba basari, usiku yeye yuanitukana kwa simu." Mamangu alikuwa ameketi mkekani na wenzake. Alivuta leso akajifunika uso, na watu wengine wakacheka. Mjomba, mie tangu siku hiyo sijalala vizuri. Ni kweli mdogo wangu wa kike alipata basari ya kaunti, ule msaada wa karo, akiwa fomu mbili, elfu sita, na mama alipanga foleni kama wengine.

Kisha ikaja barua ya wakili, nifute, niombe msamaha hadharani na nilipe fidia, nmepewa siku kumi na nne, leo ni ya tano. Vijana wawili wa pikipiki nisiowajua nao wakaja dukani wakauliza bei ya kava, nkawaambia, hawakununua, wakasimama tu pale mlangoni kama nusu saa. Na wateja wamepungua, kuna watu wanapita upande wa pili wa barabara wasionekane na mie, ati majina yao yako kwenye orodha ya basari.

Lakini upande mwingine watu wameniambia nisimame. Kuna grupu ya WhatsApp imefunguliwa ina watu 240, na kuna mtu tayari ametengeneza posta ya uso wangu imeandikwa "Sauti ya Wadi 2027". Mie nliiona hiyo posta, nisiseme uwongo, roho ilipiga. Mke wangu anasema nikisimama yeye anarudi kwao mpaka uchaguzi uishe. Mama ndo kabisa, tangu yule mwalimu Albert Ojwang afie mikononi mwa polisi Juni 2025 kwa maneno ya mtandaoni, na alikuwa akifundisha huku Taita Taveta si mbali, mama akiona nimeshika simu usiku anaanza kuniombea dua kwa sauti ili nisikie.

Kwa hivyo swali langu, nisimame au nisisimame? Na je niombe msamaha kwa kusema ukweli?

Kitu kingine kidogo, sijui kama kina maana. Yule jamaa aliyekuwa wa pili kwenye uchaguzi wa wadi 2022 huwa ananitumia elfu mbili kila Ijumaa ya bando, tangu ile video ya buibui, na risiti fulani za mradi alinitumia yeye. Sasa sijui nikisimama atajisikia vipi.

Mpwa wako,
Blogi

---

Marahaba mpwa wangu. Pole kwa mamako kwanza. Mtu mzima anayechukua kipaza sauti cha matanga kumwaibisha mama wa watu ameketi mkekani, hiyo aibu ni yake na wazee waliokuwepo wanajua hivyo hata kama walicheka. Hayo ya mama nitayarudia.

Ila barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika mwisho naona ndo kama inaanza. Umeniandikia mambo ya tenki, wakili, matanga, posta, afu pale chini, na wino unakaribia kuisha, ndo unasema kuna mtu hukutumia elfu mbili kila Ijumaa. "Kitu kingine kidogo." Mpwa, hicho ndo kikubwa. Wewe unajiona unamuuliza mheshimiwa maswali kwa niaba ya wadi, na mtu wa pili wa 2022 anajiona amekuajiri kwa bei ya bando. Na hizo pesa zimepita M-Pesa, meseji zote anazo, tarehe na saa. Siku utakayotangaza kusimama, hatachapisha mheshimiwa, atachapisha yeye, manake wewe ndo utakuwa umemzibia njia. Na mheshimiwa naye akizipata atazisoma kwa kipaza sauti moja moja mpaka ya Ijumaa ya mwisho.

Basi Ijumaa hii mpigie, umwambie asante, inatosha, bando nanunua mwenyewe. Usimgombeze, hajakukosea, yeye anafanya siasa. Muulize zile risiti alizitoa wapi, na kama hawezi kukwambia basi usizitumie tena. Kisha mwambie mke wako, manake kwa jinsi ulivyoandika nina wasiwasi hajui. Na baada ya hapo waambie watu wako wa peji, kwa sentensi mbili tu, kwamba ulikuwa ukipokea msaada kutoka kwa mtu anayekitaka kile kiti na umeacha. Watakutukana siku tatu. Afadhali hizo siku tatu uzichague wewe.

Sasa ya wakili, manake una siku tisa.

Kuna vitu viwili umevichanganya na mheshimiwa anafurahi sana umevichanganya. Buibui ni kitu ulichokiona. Paipu limefungwa nailoni porini, umeliona. Hatua arobaini umezihesabu kwa miguu yako. Hayo hakuna wakili atakayekufanya uyaombee msamaha, na video usizifute, ziweke nakala hata kwa simu ya mke wako. Lakini "umekula" na "mwizi" hukuviona. Hivyo umevidhani, saa tano usiku, baada ya kusoma komenti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe ulisifiwa ukalitia maji kweli, na sasa wote waliokunywa wamekuachia chupa.

Zamani wangeweza kukushika kwa lile kosa la kudharau mamlaka ya afisa wa umma, kifungu cha 132 cha sheria ya adhabu, lakini yule bloga Robert Alai alikipeleka kortini na kikafutwa 2017, na mwaka huohuo mahakama ikasema mtu hashtakiwi jinai kwa kumharibia mwenzake jina. Kwa hiyo kesi ya kuharibiana jina ni ya madai, ni ya pesa, sio ya jela. Ila usipumue bado. Sheria yetu ya kuharibiana jina inasema ukimsingizia mtu kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka mitatu kwenda juu, na korti ikiona umemsingizia, fidia haiwezi kuwa chini ya laki nne. Laki nne ni kava ngapi za simu, wewe ndo unajua. Na ana miezi kumi na miwili tangu siku ulipoandika kwenda kortini, kwa hiyo akinyamaza miezi mitatu usianze kucheka.

Usijibu hiyo barua mwenyewe na usiipige picha ukaiweka kwenye peji. Nenda na watu wanaotoa msaada wa sheria bure, Kituo Cha Sheria wana ofisi Mombasa, beba barua yenyewe, bahasha yake na posti zako ulizopiga skrini shoti zikiwa na tarehe. Mie si wakili, ila kwa maoni yangu lile neno utalitoa. Waweza kuandika kwamba ulichokiona ni hiki na hiki, kwamba ulimwita mheshimiwa mwizi na huna ushahidi wa hilo, na kwamba swali la maji liko palepale. Maneno kamili akupangie wakili. Wewe unauliza kama uombe msamaha kwa kusema ukweli, mpwa, msamaha ni wa ile sentensi moja ambayo hujui kama ni ukweli.

Manake hebu nikuulize, lile tenki ni la nani? Barua nzima hukuniambia kibao pale kimeandikwa nini. Kama ni hela za NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, basi hizo ni za upande wa mbunge, MCA hata kalamu yake haifiki huko, alikuja kukata utepe tu na kula pilau, na wewe umemtukana mtu wa nyumba ya pili. Kama ni la kaunti, bado MCA sio yeye anayesaini malipo, na sheria ya serikali za kaunti yenyewe yasema mjumbe wa bunge la kaunti asijihusishe na kazi za utendaji, si moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma. Najua vile mambo yalivyo, kontrakta waweza kukuta ni shemeji yake, sikatai. Lakini yaweza pia kuwa kontrakta alilipwa nusu akaondoka, au kampuni ya maji imekataa kuunganisha kwa sababu ya deni la nyuma, au injinia alisaini kwamba kazi imekwisha bila kushuka garini. Hizo hatua arobaini zina mwenyewe, na ukimjua kwa jina na kwa karatasi hutahitaji neno "mwizi" hata kidogo.

Karatasi zaombwa. Katiba kifungu cha 35 na ile sheria ya 2016 ya kupata taarifa zinakuruhusu kuandikia idara ya maji ya kaunti, na huulizwi unazitakia nini, na yasema wazi kabisa waweza kuandika kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili, watu wengi hawajui hilo wanaenda kulipa mtu wa saiba awatafsirie. Omba mkataba na bei yake, orodha ya kazi na vifaa, cheti cha kukamilika kwa kazi na nani alisaini, na rekodi ya malipo. Wana siku 21 za kukujibu. Wakikunyima au wakinyamaza unapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale wa Ombudsman. Peleka barua nakala mbili, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea, na huo muhuri ndo uweke kwenye peji yako. Picha ya muhuri peke yake, na tarehe. Halafu hesabu siku hadharani, "leo siku ya sita", "leo siku ya saba". Mie nakwambia hiyo itamnyima mtu usingizi kuliko tusi.

Vijana wa pikipiki, nenda kituo cha polisi uandikishe na upewe namba ya OB, lile daftari lao la matukio, hata kama askari atakuuliza kwani kusimama mlangoni ni kosa. Andikisha tu. Mamako hajakosea kuogopa, Ojwang alikamatwa kwao Homa Bay akapelekwa mpaka Nairobi, na nyumbani wakabaki wakiuliza yuko wapi. Kwa hiyo mke wako awe na namba ya wakili imeandikwa kwa karatasi ukutani, sio kwa simu yako, simu yako ndo kitu cha kwanza watakachochukua. Ukiitwa kuandika taarifa usiende peke yako, na ukishikwa ujue katiba inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Na kuandika saa tano usiku uache. Ukikasirika andika, weka drafti, uisome asubuhi ukishafungua duka.

Haya, kusimama.

Mie nlisimama 2013, uchaguzi wa kwanza wa hizi kaunti, nkiwa na watu nyuma yangu wanaimba mpaka nkawa najiangalia kwenye kioo cha gari za watu. Uso wangu ulibandikwa mpaka kwenye mnazi wa hoteli ya vibanda. Siku ya kura nkaweza kulipa maajenti wa vituo vitano, kwengine kote nkasema Mungu ataangalia. Vituo hivyo vingine nlipata sifuri juu ya sifuri, pamoja na kituo cha dada yangu wa tumbo moja, na mpaka leo sijui kura yake ilipotea ama hakuipiga, na kila Idi tukikutana naogopa kuuliza. Deni la maspika nlilimaliza 2016.

Fomu sio tatizo. Ada ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya mgombea wa wadi imekuwa elfu tano, na vijana, kina mama na walemavu nusu yake. Ukienda bila chama katiba inataka wapiga kura 500 wa hiyo wadi wakuunge mkono, na uwe hujawa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi, sasa ingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, uangalie, manake 2021 watu wengi walikuta wamesajiliwa vyama ambavyo hata hawajui rangi zake. Na ya masomo usihofu, 2022 mtu aligombea wadi bila digrii. Hela zinakwisha kwengine. Kituo kimoja cha kura hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo wadi ya watu 12,000 ni vituo 18 kwa uchache, na kila kituo mtu wako wa kukaa alfajiri mpaka kura ya mwisho ihesabiwe, anakula, ananywa maji, na asinunulike saa nane usiku. Piga hesabu mwenyewe kwa duka lako la chaja.

Na hao 240 fanya hivi. Waandikie leo kwenye grupu, "Kila mtu aseme kituo chake cha kura ni kipi." Usiongeze neno. Wale wa Qatar na Saudia hawatajibu, wale wa wadi ya jirani hawatajibu, wale ambao hawajajiandikisha watatuma emoji ya ngumi. 2022 nchi nzima, hata kati ya waliojiandikisha, waliojitokeza kupiga ni kama asilimia 65 tu. Ukipata watu sitini waliotaja vituo ujue umebahatika, na hao sitini wengine wana majina kwenye orodha ya basari.

Najua utaniambia Alai. Kweli, alikuwa bloga, aligombana na wakubwa miaka na miaka, na 2022 akaingia bunge la kaunti ya Nairobi kwa tiketi ya ODM, wadi ya Kileleshwa. Lakini yeye alikuwa anajulikana nchi nzima, alipata tiketi ya chama kikubwa, na wadi nchini ni 1,450, wewe umenitajia moja. Na sasa naye ni mheshimiwa, wengine ndo wanaomwandika.

Swali langu kwako ni hili, na umjibu mke wako kabla hujanijibu mimi. Agosti 10, 2027, siku ya uchaguzi, ukiamka, na huyu mheshimiwa hayuko kwenye karatasi ya wadi, ameamua kupanda juu kutafuta ubunge kama wengi wanavyofanya, wewe bado unakitaka hicho kiti? Posta yako itasema nini? Manake nimetafuta kwenye barua yako neno moja juu ya barabara, zahanati, wavuvi, wakulima, bei ya nazi, chochote ambacho ungependa kupitisha kwenye bunge la kaunti, sijaona. Nimeona tenki, nimeona leso ya mama. Hasira hiyo naielewa, hata mie ingenipanda, lakini mtu huwezi kukaa na hasira ya matanga miaka mitano kwenye kamati ya bajeti.

Na ukishinda, saa kumi na mbili asubuhi dukani kwako kutakuwa na watu ishirini, huyu bili ya hospitali, huyu karo, huyu maiti iko mochari, na kazi yako ya sheria ni kuwakilisha, kutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya gavana, mfuko wa kulipa bili haumo. Wale waliokukomentia "simama kaka" ndo watakuwa wa kwanza kwenye foleni. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa M-Pesa ya mtu mwengine unajua mwenyewe una ladha gani.

Mie kwa upande wangu naona 2027 usisimame. Hiyo posta mwambie aliyeitengeneza aitoe, na grupu iiteni jina lengine. Ila kama kweli unaitaka hii kazi, kuna mlango wa nyuma ambao ni halali kabisa na hauna foleni, vikao vya maoni ya bajeti. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika bungeni kufikia Aprili 30, na kabla ya hapo wanaita wananchi kwenye ukumbi, na mara nyingi wanaokuja ni walewale kumi wa kupewa soda. Nenda. Peleka picha ya paipu na bei ya kulimalizia, uliza fundi yeyote wa maji hatua arobaini ni shilingi ngapi, usishangae ukikuta ni hela ndogo kuliko sare za kina mama siku ya uzinduzi. Peji yako itangaze siku ya kikao na mahali. Ukijaza ukumbi mara mbili mfululizo na watu waliokuja kwa miguu yao, bila soda, hapo uniandikie tena tuongee mambo ya 2032.

Mama yako. Basari ya kaunti ni hela ya umma, mtoto wake alifuzu akapewa, hakuna aliyemsaidia, na foleni alipanga kwa miguu yake. Hilo usiliandike kwenye peji, lisemwe kwa mdomo. Tafuta mzee mmoja anayeheshimika ambaye mheshimiwa naye humwamkia, aende akamwambie kwamba mambo ya kwenye simu yabaki kwenye simu, mama wa watu hahusiki. Wanasiasa wetu waogopa wazee wa kwao kuliko korti. Na wewe mwenyewe kaa na mamako umwombe radhi, hujamtukana wewe, najua, lakini lile neno la saa tano usiku ndo lililompeleka pale mkekani.

Mke wako nisalimie, mwambie asifunge begi. Wikendi hii nenda na simu kwenye tenki ukanisomee kile kibao chote, mstari kwa mstari, jina la idara, jina la mradi na mwaka, unitumie hapa kabla hujaandika barua ya kaunti. Na kama buibui bado yupo, mwache.